Nilinunua kifaa cha ramani Luthuli, nacho hakikuijua Luthuli

Mimi ni fundi wa friji na mashine za kufua. Sina duka, duka langu ni gari langu la Probox, na mteja ni sauti kwenye simu inayosema, "Fundi, njoo Donholm, ukifika steji nipigie." Nimezaliwa Kisauni, Mombasa, nikahamia Nairobi nikiwa mtu mzima tayari, kwa hiyo njia ninazozijua hapa nimezijua kwa kupotea.

Probox yenyewe ilikuja na skrini ya ramani kwenye dashibodi, kama magari mengi ya mtumba kutoka Japani. Maandishi ni ya Kijapani na ramani iliyomo ni ya huko huko. Kila nikiwasha gari kuna mama humo ndani ananisalimia kwa adabu, kisha kijishale kinatokea mahali patupu pasipo na barabara. Watoto wangu wanampenda sana. Kikazi hana faida.

Mtaniuliza kwa nini nisitumie simu. Nilitumia, kwa miaka miwili. Shida ni kwamba simu ndiyo ofisi: wateja wanapiga, pesa inaingia, picha za kompresa iliyoungua zinatumwa. Kila nikikaribia njia panda, mtu anapiga, na ramani inafunikwa. Ukiibandika kwenye kioo cha mbele, jua la saa saba linaichemsha mpaka inazima. Ukiishika mkononi dirisha likiwa wazi kwenye msongamano wa Globe, kuna vijana watakuondolea mzigo huo.

Basi nikaenda Luthuli Avenue, ambako kila kitu chenye waya kinauzwa. Nikapata kifaa kilichotumika, cha kampuni ya nje ambayo jina lake nitalihifadhi, kioo cha inchi tano, kina kishikio cha kunyonya kioo cha gari na chaja yake. Muuzaji alianza na 9,500, tukaishia 7,000. "Bosi, hii ni orijino, ina Kenya nzima ndani." Tulipokiwasha dukani hakikuona setilaiti hata moja. Akasema ni kwa sababu ya paa la zege, na hapo hakunidanganya. Kifaa cha namna hii hakitumii bando wala laini ya simu. Kinasikiliza tu setilaiti zilizo juu yetu kilomita elfu ishirini hivi, na kinahitaji kuzisikia angalau nne ndipo kijue kilipo. Chini ya zege hazisikiki. Katikati ya majengo marefu ya mjini zinasikika, lakini mawimbi yanagonga kuta na kurudi, ndiyo maana kijishale wakati mwingine kinaruka hadi mtaa wa pili.

Nilichopaswa kukagua pale dukani ni ramani, wala si setilaiti. Nilitoka nje, nikaweka anwani ya mteja, na agizo la kwanza kabisa likawa nipite Luthuli kwa upande usioruhusiwa. Luthuli ilifanywa ya kwenda upande mmoja mwaka wa 2019, njia za miguu zikapanuliwa. Kifaa kilichouzwa Luthuli hakikuwa na habari hiyo. Nilicheka, maana nilidhani ni dosari moja tu.

Wiki iliyofuata nilitoka Mlolongo kwa kupitia Expressway, nikielekea kwa mteja Westlands. Barabara hiyo ilifunguliwa mwaka wa 2022, kilomita 27, na inapopita mjini imebebwa na nguzo juu ya barabara ya zamani. Kwa kifaa changu haikuwapo. Kikadhani niko Uhuru Highway, chini, na kikaanza: kwenye mzunguko, toka njia ya pili. Nyayo, njia ya pili. Bunyala, njia ya pili. Haile Selassie, Kenyatta Avenue, University Way, yote kinanihesabia, nami niko angani sina mzunguko hata mmoja. Na kelele juu: kila nikivuka 50 kinalia, ilhali kule juu mwendo unaoruhusiwa ni 80. Hata ramani mpya huchanganyikiwa hapo, kwa kuwa njia ya juu na ya chini ziko mahali pamoja ukiziangalia kutoka mbinguni. Ila ramani mpya angalau inajua kuna njia mbili.

Nikauliza bei ya ramani mpya kwa kifaa kile. Ilikaribia bei ya kifaa chenyewe. Hapo nikaelewa kwamba ukinunua kitu hiki unanunua ramani, na hicho kiplastiki ni sahani tu ya kuibebea. Kabla hujatoa shilingi, mwambie muuzaji akuonyeshe Expressway kwenye kioo. Isipoonekana, rudi nyumbani.

Nisikionee. Karen, Runda na Lavington, kwenye barabara zenye majina na mageti yenye namba, kilinifikisha mlangoni. Kioo chake kinasomeka juani, na simu ikiita hakijali. Lakini hakijui msongamano. Ijumaa saa kumi na moja jioni kiliniambia Embakasi hadi Kileleshwa ni dakika 35, kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi. Na majina yetu kinayatafuna: Ngong, Mbagathi, Kirinyaga, yote yanatoka kama mtu ana mfupa kooni. Kwa kumi nakipa nne.

Ninachotumia sasa ni simu yangu ya zamani, iliyopasuka mgongo, haina laini. Nimeipakulia programu ya ramani iitwayo OsmAnd kwa intaneti ya nyumbani, na ramani ya Kenya yote imo ndani, haihitaji bando. Nimeifunga chini karibu na redio, mbali na jua na mbali na mikono ya dirishani. Organic Maps ni nyepesi zaidi kama simu yako ni dhaifu. Zote mbili zinatumia OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kawaida, na hiyo ndiyo iliyonishika. Kibera ilikuwa karibu tupu kwenye ramani hizo mpaka mwaka wa 2009, vijana wa pale walipoanza kuichora wenyewe. Juzi nilikuwa na friji ya bucha upande wa Olympic, na kinjia nilichotakiwa kupita kwa miguu na gesi begani kilikuwamo. Mtaani kwetu South C kuna geti ambalo wakazi hulifunga usiku; nimeliongeza mimi mwenyewe, dakika tano tu.

Kabla ya kutoka bado naangalia msongamano kwenye simu kubwa, kisha naifunga.

Tatizo ambalo hakuna kifaa kilichonitatulia ni wateja. Nilimwambia mama mmoja, "Nitumie lokesheni, mama." Akatuma. Nikaifuata mpaka Industrial Area, nikasimama mbele ya godauni. Kumbe alikuwa kazini alipoituma. Friji iko kwake Umoja. Siku hizi nauliza: hapo ulipo sasa, friji iko? Na hata pini ikiwa sahihi, mita mia mbili za mwisho ni za soja wa getini na mtu wa boda. "Unaona ule mlingoti wa simu? Usifike."

Kile cha Luthuli nilimpa shemeji yangu anayeendesha lori kwenda Busia. Huko amekipenda. Juzi alinipigia akiwa amepumzika Nakuru, akaniambia tangu Limuru kimesema neno moja tu, endelea mbele, na kilikuwa sahihi njia nzima.