Uzoefu wangu: Hilux ya dizeli ya mwaka 1996 katika barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Iringa

Kwa miaka tisa sasa ninaendesha pikapu aina ya Toyota Hilux ya mwaka 1996, yenye injini ya dizeli ya 3L, yaani sentimita za ujazo 2,779, isiyo na turbo na ambayo nguvu zake hazifiki farasi 100. Nililinunua gari hili kwa kazi za shamba, na huko shambani sina la kulilaumu. Ninayotaka kuyaeleza hapa ni mwenendo wake kwenye lami, katika safari ya takriban kilomita 500 ninayoifanya mara nne au tano kwa mwaka.

Kwenye tambarare, kwa mfano kati ya Chalinze na Morogoro, likiwa tupu huenda kilomita 90 kwa saa bila kunung'unika. Likipewa muda hufika 105, ila hapo mimi na abiria wangu tunalazimika kupaza sauti ili tusikilizane, na lita moja ya dizeli inayonipeleka kilomita 11 nikiwa katika mwendo wa 85 hunipeleka tisa tu. Njia nane za Kimara hadi Kibaha zimenipunguzia mateso, kwa kuwa nakaa kushoto na mwenye haraka hupita zake. Tochi ya trafiki imenipata mara moja tu katika miaka yote hiyo, nikiwa na 57 kijijini penye kibao cha 50, na jamaa zangu hadi leo hawaamini kwamba gari lile lile ndilo lililoandikiwa faini ya mwendo kasi.

Shida kubwa ni kulipita lori katika barabara ya njia mbili. Tuseme lori lenye tela linakwenda 80, nami nimefanikiwa kufika 95. Tofauti ya mwendo wetu ni mita nne hivi kwa sekunde, na ukijumlisha urefu wa lori, urefu wa gari langu na nafasi ya usalama mbele na nyuma, ninapaswa kulizidi kwa karibu mita 85. Hizo ni sekunde 20, ambazo ndani yake ninasafiri zaidi ya nusu kilomita upande usio wangu, huku basi linalokuja kwa kilomita 100 likiwa nalo limekula nusu kilomita nyingine. Kwa hiyo ninahitaji zaidi ya kilomita moja iliyo wazi, na hesabu hii inachukulia kwamba nimeshafika 95 kabla ya kutoka upande wangu. Nikianza nikiwa nyuma ya lori kwa 80, hata nikirudisha gia ya nne na kukanyaga mafuta hadi mwisho, mwendo huongezeka polepole mno. Ndiyo maana siku hizi hubaki nyuma sana, nikaanza kuongeza mwendo mapema, na nikiona dalili yoyote mbele naachia mafuta. Wenye magari mapya walio nyuma yangu huitafsiri nafasi ile niliyoiacha kuwa ni ya kwao, wakaijaza, nami naanza upya.

Mlima Kitonga una habari yake. Injini isiyo na turbo hutegemea hewa inayoivuta yenyewe, na kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Kwa makadirio ya kawaida hupoteza sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na mji wa Iringa upo juu ya mita 1,500. Kwa kuwa pampu haijui kwamba hewa imepungua, huendelea kumwaga dizeli kama ilivyokuwa ikifanya Dar es Salaam, na ile isiyoungua vizuri hutoka kama moshi mweusi. Nikiwa na magunia kumi ya mahindi hupanda kwa gia ya pili, kiyoyozi nimekizima, jicho moja likiwa kwenye mshale wa joto. Halijawahi kuchemsha, lakini nimelibadilishia rejeta mara moja, na mkanda wa taiming siuruhusu upite kilomita 100,000.

Kijana wa dada yangu amenishauri mara kadhaa nifunge turbo. Fundi wangu alipinga, akisema kwamba injini hii haikuundwa kubeba joto la ziada na kwamba nitakayeanza kulia ni mimi, kwenye silinda hedi. Nilimsikiliza yeye. Anayetafuta gari la kuwahi vikao Iringa asilinunue hili. Mimi huondoka Dar es Salaam usiku, nikiwa na chai kwenye chupa, na pale Kitonga, malori yanapopanga foleni, V8 iliyonipita Mikese kama upepo huwa imesimama magari matatu tu mbele yangu.