Boti ya kuvuta pale bwawa la Bujagali: niliwapenda kwa sababu ya mtu wa pili

Nianze na jambo linalonifanya niwapendekeze hawa vijana wa Jinja, Uganda, wanaovuta watu majini kwa kamba, mtu akiwa amesimama juu ya ubao: boti yao haiondoki gatini bila mtu wa pili. Nahodha anaangalia mbele, mwenzake anakaa akiipa omo, yaani mbele ya boti, mgongo, kazi yake ni kumtazama anayevutwa na kumwambia nahodha kila kinachotokea huko nyuma. Siku tuliyokwenda, mwangalizi huyo alichelewa. Wateja waliotutangulia walikuwa na haraka, wakasema wataangaliana wenyewe. Nahodha akawajibu kwa upole, "Samahanini wakubwa, bila yule kijana siwashi injini." Tukangoja chini ya mwembe. Wengine walinuna. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nafundisha watoto kuogelea Entebbe, na kungoja kule kulinipa imani kuliko tangazo lolote.

Piga hesabu mwenyewe. Anayesimama kwenye ubao huvutwa kwa mwendo wa kilomita 30 hadi 38 kwa saa, na wa ski, vile vibao viwili vyembamba vya miguuni, huenda kasi zaidi ya hapo. Kwa kilomita 36 kwa saa, boti inakata mita 10 kila sekunde. Nahodha akigeuza shingo sekunde tatu tu kumtazama mteja wake, ameshakwenda mita 30 bila kuona mbele. Na pale mbele si patupu. Bwawa la umeme lilipokamilika mwaka 2012, maporomoko ya Bujagali yalikuwa yameshafunikwa, na Nile iliyokuwa ikinguruma sehemu hiyo sasa imetulia na kutanuka. Ni maji mazuri kwa mchezo huu, hasa asubuhi kabla ya upepo. Lakini wavuvi wanapita na mitumbwi yao, nyavu zimetegwa, gugu maji linaelea kwa mafungu, na kandokando kuna visiki vya miti iliyozama. Nahodha huyu kwanza alipita njia nzima polepole, bila mtu kwenye kamba, ndipo akaturuhusu tuingie majini. Mvuvi mmoja alipotokea katikati, alipunguza mwendo na kumpisha mbali.

Nilikwenda na mpwa wangu wa miaka 16. Ishara za mikono walimfundisha nchi kavu. Gumba juu, ongeza mwendo. Gumba chini, punguza. Kiganja kukata shingoni, simamisha. Kujipigapiga kichwani, nirudisheni gatini. Ukianguka, unashikanisha mikono juu ya kichwa kuonyesha kwamba u mzima. Asiyeinua mikono wanamhesabu ameumia, wanamfuata mara moja. Mtoto akaanza kuchoka: "Shangazi, nimeshaelewa!" Nahodha hakunitazama mimi, alimtazama yeye: "Nionyeshe, usiniambie." Akarudia zote, na ile ya shingoni akarudishwa nyuma kwa sababu aliifanya kivivu.

Alianguka mara nyingi, kama kawaida ya wanaoanza. Hapo ndipo nilipowapima kwa jicho la kazi yangu. Mwangalizi aliinua bendera ya rangi ya chungwa ili vyombo vingine vijue kuna mtu majini. Boti ikazunguka kwa duara pana, polepole, nahodha akiwa amemweka mtoto upande wake wa usukani ili asimpoteze machoni, na kishikio cha kamba kikamfikia chenyewe. Alipotaka kupanda, injini ilizimwa kabisa kabla hajagusa ngazi. Kuweka gia huru hakutoshi. Kiwiko cha mtu kikigusa wenzo, propela inazunguka, na miguu ya mtoto iko pale pale. Nahodha mwenyewe amefungwa ule uzi wa usalama mguuni, unaozima injini akitupwa nje.

Jambo moja wengi hawalijui, na hawa walilisema bila kuulizwa: ni marufuku kuning'inia tezini, yaani nyuma ya boti, injini ikiwaka. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inakulewesha na kukuzimisha ukiwa umeshikilia ngazi. Mahali pengine kwenye Ziwa Viktoria niliona watoto wakiburutwa hivyo huku wazazi wakipiga picha. Moyo uliniruka.

Kofia ngumu walitupa, na walieleza kwa nini: tofauti na ski, viatu vya ubao havifunguki ukianguka, na ukingo wa ubao ukinasa maji unakubwaga kichwa mbele. Kamba waliipitisha mkononi urefu wote wakitafuta palipokatika, wakaifunga kwenye nguzo ya katikati. Na usijaribu kuizungusha mkononi ukiwa na uoga. Watakukaripia, na wana haki.

Jaketi za kujiokolea za watu wazima ni nzuri. Mwangalizi anazivuta mabegani kwa nguvu, ikipanda hadi masikioni anakubadilishia. Kila aliyemo botini anavaa, hata anayeshika simu tu. Nchi hii haihitaji kukumbushwa mara mbili: Novemba 2018 boti ya starehe iliyojaza watu kupita kiasi ilizama karibu na Mukono, zaidi ya watu 30 wakafa, na wengi hawakuwa wamevaa jaketi.

Sasa kasoro zao. Hawasemi lolote kuhusu kichocho, na kipo kwenye maji haya. Mgeni aambiwe ajikaushe vizuri akitoka, kisha baada ya wiki sita hadi nane akapimwe na kupewa dawa yake, praziquantel, ikibidi. Chumba cha kubadilishia nguo hakina komeo, kwa mwanamke ni usumbufu. Bei nayo si ya kila mfuko: shilingi za Uganda laki moja na nusu kwa dakika 20, na dakika zinahesabiwa hata ukiwa umeanguka. Nililipa bila kinyongo, maana mshahara wa yule wa pili umo humo, lakini waandike bei ubaoni kuliko kumwambia mtu akiwa ameshalowa.

Kubwa kwangu ni jaketi za watoto wadogo. Walikuwa nazo mbili, moja mkanda wake wa kupita kati ya miguu umekatika. Nahodha alikubali pale pale, akaitoa kwenye kamba ya kuanikia na kuiweka stoo, akasema wameagiza nyingine Kampala. Nitawapigia mwezi ujao. Zikiwa zimefika, nitaleta wanafunzi wangu. Kama bado, nitawaleta wakubwa peke yao, Jumamosi asubuhi.