Mashine ya kusagia kucha za mbwa: nimeitumia kwenye vipi vya majogoo, ile miiba ya nyuma ya miguu

Nianze na bei, maana najua ndiyo mtakayouliza: shilingi 35,000, Kariakoo, kwenye duka la vitu vya mbwa na paka. Muuzaji aliniuliza mbwa wangu ni wa aina gani. Nikamwambia kuchi. Akatikisa kichwa kama anayemfahamu, akanifungia mzigo.

Mimi nafuga Kigamboni, kuku aina ya kuchi waliochanganyika na kienyeji wa kawaida. Anayewafahamu kuchi anajua walivyo: warefu, wazito, na jogoo akishavuka mwaka vipi vyake vinaanza kurefuka na kuchongoka. Akimpanda mtetea humkanyaga mgongoni kwa miguu yote miwili na kumkamata manyoya ya kisogo kwa mdomo. Akikosa pa kushikia anateleza, na hapo ndipo vile vipi vinapochana ngozi ya ubavuni, chini ya bawa. Ubaya wa kidonda hicho ni kwamba hukioni. Manyoya yanakifunika, mtetea anaendelea kula, wewe unadhani mambo shwari mpaka siku unamshika na kumnyanyua bawa unakuta pamechanika urefu wa kidole, nzi wameshajua njia. Wenzake wakiona damu nao wanadonoa. Kwa hiyo mtetea akipungua kutaga au akiwa anamkimbia jogoo kila anaposogea, msikae mnakisia, mkamateni mumpapase mbavu.

Sasa mashine yenyewe. Ukubwa wake ni wa tochi ndogo, inachajiwa kwa waya wa simu, ina mwendo wa pole na wa kasi, na mbele ina kichwa kidogo cha kusagia chenye chenga kama za msasa. Juu yake kuna kifuniko chenye matundu, ambamo mbwa huingizwa ukucha. Kwa jogoo kitoeni kifuniko hicho mkiweke kabatini. Kipi cha jogoo mkubwa hakipiti hata kwenye tundu pana, na hata kikipita huoni unachosaga.

Kazi tunaifanya usiku, mimi na mume wangu. Jogoo aliyeshalala kwenye kichanja hana ubishi. Mchana mtazunguka banda zima na kuwatia hofu wengine bure. Mume wangu anamfunga mabawa kwa kanga kuukuu, anamfunika na kichwa, anashika miguu yote miwili juu kidogo ya kipi. Mimi nawasha mashine kwanza mbali na jogoo, aizoee sauti. Atashtuka mara moja, kisha anatulia. Nasaga kwa mwendo wa pole, sekunde chache tu, naondoa, nagusa kipi kwa kidole. Kikiwa na joto nasubiri. Hapa ndipo penye hatari ambayo karatasi ya maelezo haikuitaja hata kwa neno moja: ile ncha ya kusagia ikikandamizwa mahali pamoja inapata moto, na moto huo unapenya hadi ndani. Ukisikia harufu ya pembe inayoungua, umeshakaza mkono mno. Vaeni na barakoa, vumbi lake si la kuvuta.

Nasema ndani kwa sababu kipi si ukucha mtupu. Nje ni gamba gumu, lakini katikati kuna mfupa ulioota kutoka kwenye mguu wenyewe, una damu na una maumivu. Kadiri jogoo anavyozeeka mfupa huo nao unarefuka, kwa hiyo jogoo mzee hafupishwi kama kijana. Kipi cheupe mkikimulika kwa tochi upande wa pili mtauona ule ukungu mweusi unapoishia. Cheusi hakionyeshi kitu, hapo ni kuwa na hofu ya Mungu na kuishia mapema. Mimi siondoi zaidi ya theluthi moja ya urefu, kisha naviringisha ncha mpaka iwe butu kama ncha ya kidole. Shida ya mitetea inaletwa na ncha kuliko urefu. Kikibaki kirefu lakini butu, hakichani.

Na hapo ndipo ninapoisifu mashine hii. Mkasi wa kucha za mbwa nao ninao. Kwenye vipi vya pora, yaani jogoo kijana, haukuwa na neno, lakini kwa jogoo aliyekomaa unabana kwanza kabla ya kukata, na gamba linaweza kupasuka kwa urefu kuelekea mguuni. Tena ukikata unaacha ukingo wenye makali, itabidi upige tupa hata hivyo. Mashine inakula kidogo kidogo, unaona unakofika, unaacha unapotaka.

Kuna jirani yangu, mzee aliyefuga kuchi tangu ujana wake, aliniambia nachezea hela. Yeye anachemsha kiazi, anakichomeka kwenye kipi kikiwa cha moto, akishaona gamba limelegea analizungusha kwa koleo linachomoka zima. Kweli linachomoka. Kinachobaki ni ule mfupa ukiwa uchi, mwekundu, unaotoka damu ukigongwa na chochote, na kiazi kikigusa ngozi ya mguu kinaunguza. Nilimwambia, "Shikamoo mzee, lakini huyo wangu mwache." Tukacheka yakaisha.

Hata kwa mashine wekeni tayari pamba, unga wa ngano mkavu na GV, ile dawa ya vidonda ya zambarau. Damu ikichomoza, bonyezeni kwa unga kwa dakika chache bila kuchungulia chungulia, kisha pakeni GV. Ile zambarau inaficha wekundu, na kuku wengine hawaoni cha kudonoa. Jogoo alale peke yake usiku huo.

Kasoro zake. Betri inawatosha majogoo watatu, wa nne mnamaliza kwa kusali. Kichwa cha kusagia kinajaa unga wa gamba na kuanza kuteleza, lazima kisuguliwe kwa mswaki wa zamani kila mara, na cha akiba hawakuweka hata kimoja ndani ya boksi. Mkinunua, daini vichwa viwili hapo hapo dukani kabla hamjalipa, la sivyo mtarudi Kariakoo kwa kitu cha ukubwa wa punje ya mhindi.

Wala msiinunue mkidhani itawaponya mitetea waliozidiwa na majogoo. Jogoo mmoja anatosha mitetea minane hadi kumi. Mwenye majogoo wanne na mitetea kumi na mbili hana shida ya vipi, ana shida ya kuchelewa kupika supu.

Mwenye jogoo mmoja au wawili, ushauri wangu ni tupa nzuri ya fundi chuma na uvumilivu wa jioni moja. Inafanya kazi ile ile, polepole, na haiharibiki. Mwenye majogoo watano kwenda juu, au anayefuga kuchi, nunueni mashine. Kipi kinaendelea kukua, mtairudia kazi hii kila baada ya miezi michache, na mkono wa tupa unachoka.