Baraza la Jumatano la akina mama, Ngamiani, Tanga: tathmini baada ya miezi 8

Nilipotoka eda nyumba yangu ya Makorora ilikuwa kimya kiasi kwamba niliwasha redio tangu alfajiri ili nisikie sauti ya mtu. Siku za matanga watu walijaa hadi uani, na kwa miezi 4 na siku 10 nilizokuwa kizuka majirani hawakuchoka kuleta chakula; lakini eda ilipokwisha kila mmoja alirudi kwenye shughuli zake, kama ilivyo haki yake, nami nikabaki nikisubiri simu ya wanangu walio Dar es Salaam. Nayataja haya mwanzoni ili msomaji ajue niliingia barazani nikiwa na haja gani.

Baraza lenyewe hukutana kila Jumatano, baada ya sala ya Alasiri hadi karibu na Magharibi, katika ua wa nyumba moja ya Ngamiani, ambako barabara hutajwa kwa namba na dereva yeyote wa bajaji anajua pa kukushusha. Hakuna kiingilio wala fomu. Mwenye shilingi 500 huitumbukiza katika kopo la sukari, na asiyekuwa nayo hunywa chai ile ile. Kopo lina kifuniko kilichotobolewa, hivyo hajulikani aliyetia na asiyetia. Kifuniko hicho nakithamini sana. Hapo awali nilikuwa katika kikundi kimoja cha kuweka na kukopa, na mwezi nilipokosa fedha ya hisa jina langu lilisomwa mbele ya wenzangu, nisirudi tena. Sivilaumu vikoba kwa jumla, kwani vimewainua wanawake wengi, ila mwanamke mpweke anayeona haya kwa kukosa hisa huwakosa na watu pia.

Kazi ya barazani ni kusuka ukili, ule utepe mrefu wa kushonea mkeka. Ukindu huletwa ukiwa mkavu, wengine wakachana, wengine wakasuka, na kila aliyemaliza pima zake za urefu huukunja ukili kama gurudumu na kuuweka kando hadi utoshe kushonwa mkeka. Msukaji hana budi kutazama vidole vyake, kwa hiyo anayesema hakodolewi macho, na kwa maoni yangu hii ndiyo siri ya mahali hapa. Yupo binti aliyepewa talaka, aliyekuja majuma matatu bila kutamka zaidi ya salamu. Juma la nne alianza kusema huku akichagua chane, na hakuna aliyeinua kichwa mpaka alipomaliza. Kisha bibi aliyeketi kando yake akamsogezea ukindu uliotiwa rangi nyekundu, akamwambia, “Changanya na huu, mwanangu, utapendeza.” Hakuna aliyemhoji wala kumpa nasaha.

Jambo la pili ninalolisifu ni kwamba kila mmoja ana mwenzake wa kumwulizia. Nilipougua malaria sikumwarifu mtu, lakini Alhamisi, kabla ya saa 3 asubuhi, wawili walikuwa mlangoni: “Hodi, shoga! Jana hatukukuona, kwema?” Mmoja alikuwa amebeba uji wa pilipili manga katika chupa ya chai. Ripoti ya tume ya Shirika la Afya Duniani kuhusu mahusiano ya kijamii, iliyotolewa Juni 2025, ilikadiria kuwa mtu 1 kati ya 6 duniani huathiriwa na upweke, na kwamba upweke huhusishwa na vifo vipatavyo 871,000 kwa mwaka, kwa kuwa huongeza hatari ya kiharusi, maradhi ya moyo, kisukari na sonona. Tangu niisome, hodi ile naihesabu kuwa sehemu ya matibabu yangu.

Kasoro zipo. Saa za baraza huwafaa wastaafu na wajane, lakini muuza samaki au mkaanga vitumbua wa jioni hawezi kufika, ilhali nao wana upweke wao. Mwezi wa tano neno lililosemwa uani lilisikika sokoni. Wakubwa wetu walilikemea waziwazi bila kumtaja mtu, nami niliridhika, ingawa aliyeumizwa alikaa majuma mawili bila kuja. Zito zaidi ni la mama aliyekuwa halali wala hali, ambaye tulimliwaza karibu mwezi mzima kabla ya kumsindikiza hospitali. Ukili hautibu sonona, na ilitupasa kumpeleka juma lile la kwanza.

Sasa baadhi yetu wanataka kusajili kikundi ili tuombe mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambamo fungu la wanawake ni asilimia 4. Nawaunga mkono, kwa sharti kwamba mkopo uwe na siku yake na daftari lake, marejesho yasidaiwe Jumatano, na kopo la sukari libaki na kifuniko chake.

Anayetaka kuja aje na kisu kidogo cha kuchania. Ukindu upo, na asiyejua kusuka hukalishwa karibu na bibi yule wa ukindu mwekundu.