Mabegi ya filta ya vumbi kiwandani: lipi ununue, lipi uliache, na hela iende wapi kwanza

Kotesheni tatu za mabegi ya filta zikifika ofisi ya manunuzi, karatasi inaonyesha vitu viwili tu, saizi na bei, kwahiyo mwenye bei ya chini ndo anapewa LPO (oda ya kununua), alafu baada ya miezi michache fundi yuko tena mlangoni kwa bwana stoo anaomba mengine. Kitambaa gani, uzito gani, kimeshonwa na uzi gani, hakuna aliyeuliza. Na hata ukiuliza, kuna kitu kingine wauzaji hawakwambii kwasababu hakiwaingizii hela: begi nyingi zinatobolewa na keji (ile fremu ya waya inayokaa ndani ya begi) na upepo wa kompresa unaopulizwa kukung'uta vumbi, wala sio kwamba kitambaa kilikuwa kibaya. Kwahiyo hapa ntapanga vitambaa kwanza, alafu ntapanga na vile vitu vya pembeni, maana ukinunua begi la bei mbaya ukalivalisha keji yenye kutu umetupa hela.

Naongea zaidi na wenye vumbi la baridi, yani krasha za kokoto, sehemu za kufungasha saruji, vinu vya unga, karakana za mbao. Wenye moto, mitambo ya lami, boila za makapi ya miwa, vikaushio, nawafikia kwenye orodha hiyo hiyo ila chini kidogo.

Namba 1: poliesta nzito, gramu 500 mpaka 550 kwa mita ya mraba, iliyounguzwa uso. Hii ndo ya watu wengi na sioni aibu kuiweka juu. Inavumilia msuguano vizuri sana, inafanya kazi bila shida mpaka kama nyuzi joto 130, bei yake ni ya chini kuliko karibu zote, na inapatikana. Kuunguzwa uso maana yake vile vinyweleo vya nje vimepitishwa moto vikaisha, kwahiyo vumbi halishikilii, linadondoka kirahisi ukipuliza. Kama uko Tanga, Dar au Mombasa ongeza na dawa ya kukataa maji na mafuta, unyevu wa pwani sio mchezo. Adui wa poliesta ni joto likichanganyika na mvuke, hapo inaoza kimya kimya mpaka siku moja unaichana kwa mkono kama karatasi.

Wenye vinu vya unga, sukari, mbao na makaa ya mawe, kwenu poliesta ni ile ile lakini lazima iwe ya kuondoa umeme tuli, yenye nyuzi za chuma cha pua au kaboni ndani. Vumbi hizo zinalipuka, na cheche ndogo tu inatosha. Hiki sio kipengele cha kubana matumizi. Mabegi yakifika chukua mita ya umeme upime kama kweli yanapitisha, na keji na bamba (lile bati lenye matundu ambalo mabegi yananing'inia) vyote viwe na waya wa kwenda ardhini.

Namba 2: poliesta yenye membreni ya tefloni. Ni poliesta hiyo hiyo imegandishwa ngozi nyembamba sana kwa nje, vumbi linaishia juu haliingii ndani ya kitambaa. Kwa vumbi laini sana, au linalonata, au kama mnabanwa kuhusu moshi unaotoka kwenye chimni, hii ni nzuri kuliko namba 1, na unapuliza mara chache kwahiyo begi linachoka taratibu. Mbona basi sijaiweka ya kwanza? Kwasababu ngozi yenyewe ni nyembamba mno, vumbi la mchanga au klinka (mawe ya saruji kabla hayajasagwa) likiingia kwa spidi linaikwangua, na fundi akiburuta begi sakafuni wakati wa kufunga imeisha hapo hapo kabla hata feni haijawashwa. Kama mafundi wako wanavuta mabegi kama magunia, usinunue.

Namba 3: polipropilini. Ni ya mahali penye maji maji na chumvi na kemikali, mbolea, sabuni ya unga, mahali ambapo joto halizidi 90. Hainywi maji kabisa. Ukiipeleka kwenye joto inayeyuka, basi, sina zaidi.

Namba 4: akriliki. Wengi hawaijui na ni bahati mbaya, maana vikaushio vingi vya udongo, jasi na makaa vinatoa mvuke na joto la 100 na kitu, na watu wanaweka poliesta inaoza kila msimu. Akriliki inafika kama nyuzi 125, kwahiyo kwa joto haijaizidi poliesta, ila mvuke hauiozeshi hivo. Kama mabegi yako yanachanika kirahisi na hayana matundu ya msuguano, jaribu hii kabla hujakimbilia vitu vya nyuzi 200.

Namba 5: aramidi, wengi wanaiita Nomex. Ya mitambo ya lami na vipooza klinka. Nyuzi 200 bila wasiwasi, na kwa msuguano ni ngumu kweli. Bei ni mara kadhaa ya poliesta, na hapa ndo utapeli unapoanza, ntaeleza chini jinsi ya kuikamata feki. Udhaifu wake ni mvuke ukiwa na salfa, kwahiyo kama bana (kichomea mafuta) la mtambo wako wa lami linachoma mafuta mazito na unawasha na kuzima mara kumi kwa siku, usishangae aramidi ikifa mapema, kila ukizima mtambo ukiwa na moshi ndani maji yanatoka na yanageuka tindikali juu ya begi. Zima bana kwanza, feni iendelee kidogo ikaushe.

Namba 6: PPS, aina ya plastiki ya kutengenezea nyuzi. Ya boila. Inakubali tindikali na mvuke mpaka kama nyuzi 180 au 190, ila hewa yenye oksijeni nyingi kwenye joto hilo inaila. Boila lenye milango inayovuja hewa linaiua.

Namba 7 ziko tatu nazifunga pamoja kwasababu wasomaji wengi hamtazihitaji: P84 (aina ya poliimidi) ya nyuzi joto 240, faibaglasi ya 260 na tefloni tupu ya 260. Faibaglasi inavumilia moto ila haitaki kukunjwa kunjwa, inataka keji ya waya 20 iliyobana, ukiiweka kwenye keji ya waya 10 inakatika kwenye kila waya. Tefloni ni ya mwisho kwa bei, usinunue mpaka mtu akuonyeshe vipimo vya moshi wako vinavyoilazimisha.

Na mkiani kabisa: poliesta nyepesi ya gramu 350 au 400 inayouzwa kwa jina la "poliesta" tu bila namba. Bei yake inavutia. Iache.

Sasa hela ya pembeni, na hapa nisikilize vizuri zaidi.

Kabla hujanunua chochote toa mabegi yaliyokufa yapange chini kwa mpangilio wa tundu la bamba yalikotoka, uangalie yametobokea wapi. Matundu yakiwa chini kabisa, sentimita 30 za mwisho, mabegi yanagongana kwasababu keji zimepinda au bamba limelala, ama vumbi linaingia kwa kasi linapiga chini. Yakiwa upande mmoja tu karibu na mlango wa kuingilia vumbi, ni bati la kukinga mkondo (linalozuia vumbi lisipige mabegi moja kwa moja) limeliwa au halikuwepo tangu mwanzo. Mistari ya wima iliyonyooka, hiyo ni waya za keji, begi limepwaya au unapuliza kupita kiasi. Matundu juu, chini kidogo ya shingo, ni bomba la kupulizia halijalenga katikati ya tundu, upepo wa kompresa unapiga pembeni. Na kama begi halina tundu ila limekakamaa au linachanika, ndo hapo tu unazungumzia kubadilisha kitambaa.

Kwa hiyo mpangilio wangu wa matumizi kwa mtu mwenye bajeti moja. Ya kwanza ni keji. Keji yenye kutu ni msasa uko ndani ya begi na kila mpulizo unasugua. Kwa poliesta chukua ya waya 10 au 12, pete kila sentimita 20, imepigwa zinki baada ya kuchomelewa sio kabla, pitisha soksi ya zamani juu yake yote kutoka mwanzo mpaka mwisho, ikinasa mahali popote rudisha. Usafiri nao unaua keji, zikija zimerundikwa kwenye lori bila fremu zitafika zimepinda hata kama zilitoka kiwandani nzuri, na keji iliyopinda kidogo tu juu, kule chini mita 3 imeshaegemea jirani.

Ya pili ni kifaa cha kupuliza kwa mahitaji, kile kinachosoma tofauti ya presha kabla na baada ya mabegi. Mitambo mingi ya zamani inapuliza kwa saa tu, kila sekunde kadhaa paa, vumbi liwepo lisiwepo. Hiki unakiwekea kianze ikifika mfano milimita 120 za maji (ndo kipimo cha hiyo presha) kiache ikishuka 100, na mabegi yanapumzika. Pamoja na hicho shusha presha ya kupulizia, watu wanaamini bar 7 ndo usafi, bar 5 mpaka 6 inatosha filta nyingi, na kama kwa 5 tofauti ya presha imetulia basi kaa hapo. Begi linahitaji kubaki na ukoko mwembamba wa vumbi, huo ukoko ndo unaochuja na ndo unaolinda kitambaa, ukilisafisha likawa jeupe umelivua nguo.

Ya tatu kikausha hewa cha kompresa. Pwani kompresa inatema maji kama bomba, hayo maji yakipulizwa ndani ya begi la saruji unajua mwenyewe kinachogandia. Ya nne bati la kukinga mkondo, fundi wa kuchomelea wa mtaani anaweza, au saikloni ndogo (chombo kinachozungusha hewa vumbi zito lidondoke) mbele ya filta kama vumbi lako ni chengachenga na kali.

Kuna jambo moja halinunuliwi ila linafuta faida ya yote hayo, watu wanaongeza midomo ya kuvutia vumbi, mkanda mpya huku, hopa mpya kule, alafu wanabadilisha puli ya feni izunguke haraka. Piga hesabu kwanza. Begi la milimita 150 kwa mita 3 lina kama mita za mraba 1.41, mabegi 100 ni 141. Feni ikivuta mita za ujazo 10,000 kwa saa ni kama 167 kwa dakika, gawanya, unapata karibu 1.18 mita kwa dakika, ndo spidi ya hewa kupita kwenye kitambaa. Hiyo iko salama. Ukiipandisha feni mpaka 15,000 unafika 1.77, na msuguano unapanda kwa haraka kuliko spidi yenyewe, hakuna kitambaa kwenye orodha yangu kitakachokuokoa.

Kuagiza. Usipeleke begi la zamani dukani ukasema "kama hili", limeshasinyaa au limevutika. Pima tundu la bamba kwa kalipa, sehemu tatu tofauti kwasababu matundu ya zamani yanakuwa mayai, na unene wa bamba pia. Ile pete ya springi ya shingoni ikipishana milimita moja tu vumbi linapita pembeni na linakata bamba lenyewe. Mpe muuzaji joto la kawaida na la juu kabisa, vumbi gani, kuna mvuke au mafuta. Omba tabaka mbili kwenye kitako, angalau sentimita 10, na uzi wa kushonea wa aina ile ile ya kitambaa au bora zaidi. Begi la aramidi lililoshonwa kwa uzi wa poliesta linafunguka mshono wakati kitambaa bado kipya. Alafu agiza moja la mfano, livalishe keji, lipachike, ndo utoe oda ya mia.

Mzigo ukifika, kata kipande cha sentimita 10 kwa 10 kutoka kwenye begi moja, peleka hata kwa sonara akupimie, kitambaa cha gramu 550 lazima kije kama gramu 5.5. Ikija 4 umeuziwa upepo. Kwa aramidi choma ncha ya kipande kwa kiberiti nje penye hewa: poliesta inayeyuka na kudondosha matone, aramidi halisi haiyeyuki, inakuwa mkaa na ukiondoa moto inazimika. Rangi ya krimu peke yake sio ushahidi, rangi inapakwa.

Kufunga: mtu anayeingia kwenye hopa ya filta (sanduku la vumbi chini ya mabegi) aingie umeme umefungwa kwa kufuli na yupo mwenzake nje, na barakoa ya maana, OSHA (wakaguzi wa usalama kazini) wasipokukuta mapafu yatakukuta. Mshono wa begi uelekee upande mmoja kwa mabegi yote, ndo utajua baadae begi limetobokea upande gani. Ukimaliza piga tochi kutokea chini uangalie vitako, vikigusana rekebisha hapo hapo.

Mwanzo endesha feni ikiwa imebanwa kidogo na mipulizo imezimwa, mwaga unga laini wa mawe ya chokaa uvutwe ndani ushike kwenye kitambaa, subiri tofauti ya presha ifike kama milimita 75 ndo uwashe kupuliza. Na usichanganye mabegi mapya manne katikati ya ya zamani, mapya yanapitisha hewa kirahisi kwahiyo upepo wote unakimbilia hapo na yanaliwa upesi. Yakitoboka machache ziba matundu yake kwa vifuniko vya chuma, endelea na kazi, mpaka siku mnabadilisha chumba kizima.