Plasta, chingamu na tembe za nikotini: kipi kinafaa, na kwa nini wengi husema hazisaidii

Lalamiko kuhusu chingamu ya nikotini ni lilelile kila pahali: inachoma koo, inaleta kwikwi, na hamu ya sigara iko palepale. Mwulize anayelalamika aliitumiaje, atakujibu kwamba aliitafuna. Basi, tatizo ndilo hilo.

Chingamu hii ni dawa ya kumsaidia mtu kuacha sigara, inayopenya kwenye ngozi laini ya ndani ya shavu, wala haikutengenezwa itafunwe mfululizo. Itafune polepole mpaka usikie ladha ya pilipili au mwasho, kisha acha. Isukume kati ya shavu na ufizi, itulie hapo. Mwasho ukipotea, baada ya dakika moja hivi, itafune tena mara chache na uiegeshe upande wa pili. Kipande kimoja huchukua kama dakika 30 kabla hakijaisha nguvu. Ukikitafuna kama chingamu ya dukani, nikotini hutoka yote kwa mpigo, unaimeza pamoja na mate, na tumbo halina haja nayo: ndiyo hizo kwikwi, kiungulia na kichefuchefu. Tena ile iliyomezwa hupitia kwenye ini kwanza, na ini huivunja sehemu kubwa kabla haijafika kwenye ubongo. Umepata usumbufu wote, faida umeikosa.

Kosa la pili ni kahawa. Nikotini hupita shavuni vizuri pale mate yasipokuwa na asidi. Kahawa, juisi na soda zote zina asidi, na ukizinywa huku kipande kiko mdomoni unaifunga njia wewe mwenyewe. Kwa dakika 15 kabla ya chingamu, na muda wote iwapo mdomoni, tumia maji tu. Masharti haya yamo kwenye karatasi ya maelezo ndani ya boksi, ile ambayo watu huitupa kabla hawajaifungua.

Bidhaa yenyewe ina asili ya ajabu kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, huko Uswidi, ilionekana kwamba mabaharia wa nyambizi, ambao chini ya maji hawawezi kuvuta, walikuwa wakihamia tumbaku ya mdomoni bila taabu kubwa. Mkemia Ove Fernö akaichukua hoja hiyo, na chingamu ya Nicorette ikaingia sokoni kwa mara ya kwanza Uswisi mwaka 1978. Plasta zilifuata baadaye. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani liliziweka dawa hizi kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Sasa suala la nguvu, ambalo kwa maoni yetu ndilo linaloangusha watu wengi kuliko ukosefu wa nia. Chingamu na tembe (za kuyeyusha mdomoni, si za kumeza) huja za miligramu 2 na miligramu 4. Kipimo cha kuchagua hakitegemei sana idadi ya sigara, kinategemea saa. Ukiwasha ya kwanza ndani ya dakika 30 tangu kuamka, chukua za 4. Ukiweza kungoja zaidi ya hapo, za 2 zinatosha. Plasta za saa 24 ni za miligramu 21, 14 na 7. Anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku huanza na 21 kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Aliye chini ya hapo huanza na 14 kwa wiki 6 na kumalizia na 7 kwa wiki 2.

Watu huogopa hiyo 21 wakidhani ni nyingi mno. Sigara moja humwingizia mvutaji takriban miligramu 1 hadi 1.5 za nikotini, kwa hiyo mtu wa pakiti moja kwa siku tayari anabeba 20 hadi 30. Akijibandika plasta ya 7 "ili asizoee", arosto, yaani mateso ya kukosa nikotini, humkamata siku ya pili na hukumu hutoka kwamba plasta ni utapeli. Na kinacholeta saratani na kuziba mishipa ni lami, hewa ya kaboni monoksaidi na maelfu ya kemikali za moshi. Nikotini ndiyo inayokufunga usiache, lakini ikija peke yake, polepole, kupitia ngozi, ni jambo jingine kabisa.

Kuibandika si kazi. Asubuhi, chagua sehemu kavu, safi, isiyo na nywele nyingi wala kidonda: mkono wa juu, kifua, mgongo au nyonga. Usipake mafuta wala losheni, kwa sababu itabanduka kabla ya mchana. Ondoa karatasi, bandika, kandamiza kwa kiganja kwa sekunde 10 huku ukizihakikisha kingo, kisha nawa mikono. Kesho yake hamia sehemu nyingine, na usiirudie ile ya kwanza mpaka wiki iishe. Mwasho kidogo na wekundu wa saa ya kwanza ni kawaida; upele unaovimba na kudumu siku nne ni mzio, nao unatosha kuacha plasta na kuhamia tembe. Usiikate vipande ili idumu. Usiiwekee chupa ya maji moto juu yake, kwani joto huongeza kasi ya nikotini kuingia. Ukienda kupigwa picha ya MRI, ibandue, maana baadhi ya plasta zina karatasi ya alumini mgongoni mwake na huweza kukuunguza.

Usiku kuna jambo la kujua. Plasta ya saa 24 huleta ndoto kali, za rangi kamili, na wengine hawalali kabisa. Dawa yake ni kuibandua unapokwenda kulala. Hasara ni kwamba mpya ya asubuhi huchukua saa kadhaa kufika kileleni, na saa hizo ndizo mvutaji anapoteseka zaidi. Hapo kipande cha chingamu mara tu unapoamka huziba pengo.

Hii inatufikisha kwenye pendekezo letu: usichague kimoja. Plasta hushikilia kiwango cha chini siku nzima lakini haiwezi kukimbizana na hamu inayozuka ghafla. Moshi hufikisha nikotini kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20, na hakuna plasta itakayoshindana na hilo. Chingamu au tembe hujibu ndani ya dakika chache. Mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yaliyochapishwa 2018 yalionyesha dawa hizi huongeza uwezekano wa kuacha kwa asilimia 50 hadi 60, na ya 2019 yakaonyesha kwamba plasta pamoja na kimojawapo cha vile vya haraka hushinda kutumia kimoja peke yake. Ukiambiwa ni hatari kuchanganya, huo ni ushauri wa zamani.

Kati ya chingamu na tembe, tunaipa tembe alama ya juu kidogo. Inayeyuka yote, kwa hiyo kwa nguvu ileile hutoa nikotini zaidi. Haing'ang'anii meno ya bandia. Na ni vigumu zaidi kuikosea. Iweke mdomoni, ihamishe upande huu na ule, iache iyeyuke kwa dakika 20 hadi 30. Usiitafune, usiimeze. Ukitumia tembe au chingamu bila plasta, kipande kimoja kila saa 1 hadi 2 katika wiki 6 za mwanzo, kila saa 2 hadi 4 katika wiki 3 zinazofuata, kila saa 4 hadi 8 katika 3 za mwisho. Kikomo cha siku ni vipande 24 vya chingamu au tembe 20. Kosa la kawaida si kuzidisha. Ni kutumia vinne kwa siku na kungoja muujiza. Ladha ya zote mbili, tuseme ukweli, ni mbaya, hata hizo za minti.

Je, kuna thamani ya kuvumilia miezi mitatu ya haya? Hesabu ya fedha ni rahisi: pakiti moja kwa siku ni pakiti 365 kwa mwaka, sigara 7,300. Ya mwili huanza mapema zaidi. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho mapigo ya moyo huanza kushuka. Siku chache tu baadaye kaboni monoksaidi, ambayo hukalia nafasi ya oksijeni kwenye damu, imerudi kiwango cha asiyevuta, na hilo hutokea hata kama umebandika plasta kwa kuwa plasta haina moshi. Pua na ulimi huamka. Kati ya mwezi 1 na mwaka, kikohozi na kuhema hupungua. Ndani ya mwaka mmoja au miwili hatari ya shambulio la moyo huporomoka, na baada ya miaka 10 hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu ni kama nusu ya anayeendelea. Madaktari wanaume wa Uingereza waliofuatiliwa kwa miaka 50, katika utafiti wa Richard Doll na wenzake uliochapishwa 2004, walionyesha kwamba kuacha ukiwa na miaka 60, 50, 40 au 30 hurudisha takriban miaka 3, 6, 9 au 10 ya maisha. Aliyeambiwa "umeshachelewa" amedanganywa.

Lakini baadhi ya faida huja zimevaa sura ya ugonjwa, na hizo ndizo zinazorudisha watu kwenye sigara. Kikohozi huweza kuzidi wiki za mwanzo, kwa sababu vinyweleo vya njia ya hewa vimeanza tena kufagia makohozi. Fizi huweza kuvuja damu unapopiga mswaki: sigara ilikuwa inabana mishipa na kuuficha ugonjwa wa fizi uliokuwapo, nenda kwa daktari wa meno. Na kahawa, tena. Kemikali za moshi hulifanya ini livunje kafeini haraka. Ukiacha, kasi hiyo hushuka ndani ya siku chache, na vikombe vilevile vinne vinakuletea mtetemo, hasira na kukosa usingizi unavyodhani ni arosto. Punguza kahawa nusu tangu siku ya kwanza. Kwa sababu hiyohiyo, anayetumia klozapini au olanzapini (dawa za magonjwa ya akili) au teofilini (dawa ya pumu) amwambie daktari wake kabla ya kuacha, maana kipimo cha dawa huenda kikahitaji kushushwa.

Uzito huongezeka, wastani wa kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza. Dawa hizi huchelewesha ongezeko hilo, haziliondoi.

Kuna jambo ambalo hakuna boksi lolote litakufanyia: mkono. Mtu wa sigara 20 hupeleka mkono mdomoni mara 200 au zaidi kwa siku, na plasta haijui lolote kuhusu mkono. Hamu yenyewe hupanda na kushuka ndani ya dakika chache. Siku 3 za kwanza ndizo kali, na wiki 2 hadi 4 kubwa limepita.

Ukiteleza ukavuta moja, usiibandue plasta kwa hofu. Endelea nayo, na utazame kama kipimo kilikuwa kidogo. Mjamzito, aliyepata shambulio la moyo karibuni na mwenye mapigo ya moyo yasiyo sawa waanze kwa daktari. Plasta iliyotumika bado ina nikotini ya kutosha kumdhuru mtoto mdogo au mbwa: ikunje upande wa gundi kwa ndani, irudishe kwenye pakiti yake, na uitupe kwenye pipa lenye mfuniko.