Miezi 14 na programu ya kufuatilia sampuli za bangi: uzoefu wangu

Kazi yangu ni kuchukua sampuli. Nimeajiriwa na maabara ya kupima bangi huku California, na siku nyingi zinanikuta kwenye maghala ya wasambazaji, nikiwa na mzani, glavu, koleo na tableti. Programu ninayoieleza hapa iko kwenye hiyo tableti na kwenye kompyuta zote za maabara. Jina lake naliacha makusudi. Ziko nyingi za aina yake na sura zao zinafanana, kwa hiyo ni afadhali anayetaka kununua ajue pa kuangalia.

Kwa asiyejua mambo ya huku: wapiga kura wa California waliruhusu bangi kwa watu wazima mwaka 2016, na maduka yakaanza kuuza tarehe 1 Januari 2018. Lakini imeruhusiwa kwa masharti. Kila mzigo unafuatiliwa kwenye mfumo wa jimbo unaoitwa Metrc, na kila kifurushi kinabeba lebo yenye namba ndefu ya herufi na tarakimu 24. Hakuna kinachofika dukani kabla maabara yenye leseni haijakipima: viuatilifu 66, metali nzito nne (risasi, zebaki, kadimiamu na aseniki), bakteria, kuvu na sumu zake, pamoja na kiasi cha THC, yaani kemikali inayolewesha, kitakachoandikwa kwenye pakiti. Metrc ni daftari la serikali ya jimbo. Programu yetu ni daftari la ndani, na kazi yake kubwa ni kuhakikisha madaftari hayo mawili hayapingani.

Chukua mfano wa bechi, yaani fungu moja, ya maua ya bangi ya paundi 40, yaani kilo 18 na kidogo. Kanuni inataka sampuli ya asilimia 0.35 ya uzito, ambayo hapo ni gramu 63.5. Wala siruhusiwi kuzichota mahali pamoja. Kwa bechi ya uzito huo nachota mara 29, juu, katikati na chini, kamera ikinirekodi tangu mwanzo hadi mwisho. Zamani kila mchoto niliuandika kwa kalamu, huku glavu zinanata utomvu wa maua na karatasi inashikana na vidole. Sasa naskani lebo, programu inasoma uzito wa bechi, inanipigia hesabu ya gramu na idadi ya michoto, na mzani wenyewe unatuma uzito kwenye tableti bila mimi kuandika chochote. Nikimaliza mchoto wa 29 na gramu hazijatimia, kitufe cha kufunga sampuli hakibonyezeki. Kitufe hicho peke yake kinanifanya niitetee programu hii hata pale inaponikera.

Naitetea kwa sababu. Kabla hatujawa nayo niliwahi kuandika 68 mahali pa 86 kwenye mwisho wa namba ya lebo. Mteja alikuwa na bechi mbili zilizopangwa pamoja ghalani, namba zake zikifuatana kwa karibu, na namba niliyoikosea ikaangukia kwenye bechi ya pili. Sampuli ilipopimwa ikakutwa na Aspergillus. Hiyo ni kuvu ambayo kwa bidhaa ya kuvutwa haitakiwi kuonekana kabisa ndani ya gramu moja, kwa sababu ikiingia kwenye mapafu ya mtu ambaye kinga yake imeshuka inaweza kumuua, na wagonjwa wa saratani ni miongoni mwa wanunuzi wa maua haya. Kwa kosa langu, bechi safi ilikuwa inaelekea kuandikiwa kwamba imefeli, na yenye kuvu ilikuwa inaelekea dukani. Mwenzangu wa mapokezi ndiye aliyeliona, baada ya uzito kwenye fomu kukataa kulingana na uzito wa bechi. Nilimshukuru siku ile na bado namshukuru. Leo namba haiandikwi na mtu. Ukiskani lebo ambayo haimo kwenye hati ya usafirishaji ya siku hiyo, skrini inakuwa nyekundu na huendelei.

Ndani ya maabara mambo ni shwari zaidi. Sampuli inapokelewa, inapimwa uzito tena, inagawanywa: sehemu ya kupimwa na sehemu ya akiba inayohifadhiwa endapo matokeo yatabishaniwa. Kila gramu inayohama meza inaandikwa na jina la aliyeihamisha. Tatizo la mwanzo lilikuwa unyevu. Maua yanakauka, na yanapokauka yanapungua uzito, lakini programu ilihesabu kila upungufu kama bangi iliyopotea. Wiki mbili za kwanza tulikuwa tunajaza maelezo ya upotevu kwa robo gramu. Baadaye tukagundua kuna sehemu ya kuweka kiwango kinachovumilika, ila aliyekuja kutufundisha hakuigusa. Mkinunua programu ya namna hii, siku ya mafunzo muulizeni mwalimu awaonyeshe hapo kabla hajafungua kitu kingine.

Kasoro kubwa mbili zimeniudhi kweli. Ya kwanza ni ya ghalani. Kuta za zege na rafu za chuma zinaua mtandao, na muuzaji alituahidi kwamba programu inafanya kazi hata bila intaneti. Inafanya, ila mtandao uliporudi iliandika saa ya kutuma badala ya saa ya kuchota. Mkaguzi akilinganisha na video, anakuta sampuli iliyochotwa saa nne asubuhi imeandikwa saa sita na nusu, na hapo mwenye kujieleza ni mimi. Walichukua wiki tatu kurekebisha, na wiki zote hizo nilirudi kwenye kalamu.

Ya pili bado ipo. Cheti cha vipimo kikikamilika, tuna siku moja ya kazi kukiingiza kwenye mfumo wa jimbo. Programu inaandika “imetumwa” mara tu inapotuma, hata kama upande wa pili haujapokea. Mteja mmoja alikaa siku mbili na mzigo uliokwama ghalani, ananipigia simu, nami namjibu kwa ujasiri kwamba matokeo yametoka. Tangu hapo kila jioni mtu wetu anaingia Metrc na kuhakikisha kifurushi kimoja kimoja. Hiyo ni karibu saa nzima ya kazi tuliyodhani tumeinunulia dawa.

Kuna jambo jingine, na hili nawaambia Waswahili wenzangu mlioko huku. Mdogo wangu aliniandikia hivi karibuni: “Kaka, nimepata nafasi maabara kama yako, nichukue?” Nilimuuliza kwanza karatasi zake zikoje. Bangi bado ni kosa kwa sheria ya shirikisho, na mwaka 2019 idara ya uhamiaji ya Marekani ilitoa mwongozo kwamba kufanya kazi kwenye biashara hii, hata katika jimbo lililoiruhusu, kunaweza kumzuia mtu kuthibitisha mwenendo mwema anapoomba uraia. Programu hizi zinaandika jina lako kwenye kila hatua, na kumbukumbu hazifutiki. Mimi niliapishwa kuwa raia kabla sijaanza. Yeye ana kadi ya kijani tu, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, basi nimemwambia amwone mwanasheria wa uhamiaji kabla hajatia saini, na nimemsihi asitegemee maneno ya meneja anayemwajiri.

Kwa bei, tunalipa kwa kila mtumiaji kila mwezi, na kwa maabara ndogo inauma, maana hata anayefungua mara moja kwa wiki analipiwa sawa na mimi ninayeishi ndani yake. Mkataba unaisha mwezi ujao. Nimemwambia msimamizi wangu tuuendeleze, kwa sharti moja la maandishi: neno “imetumwa” lisionekane mpaka Metrc iwe imejibu.